Jina la Baba, Shamba la Mama

Tunakaa St. James Town, hapa Toronto. Sisi ni ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja, na tunaandika kwa kauli moja ingawa hatukukubaliana katika kila jambo lililomo humu. Mkubwa wetu, katika karatasi zake zote za Kanada, anaitwa Shirazi. Dada yetu wa kati ukoo wake ni jina la babu. Mdogo wetu ukoo wake ni jina la baba. Zamani tulipokuwa tukikaa pamoja katika fleti moja ya vyumba viwili, majina matatu yalibandikwa kwenye kisanduku kimoja cha barua, na msimamizi wa jengo alikaa karibu miaka minne akidhani sisi ni wapangaji tuliokutana ukubwani ili kugawana kodi. Hatukumsahihisha. Tulikuwa na mengine ya kutuhangaisha.

Wanaopajua hapa hawatashangaa. St. James Town ni magorofa marefu yaliyojengwa miaka ya 1960, yakapewa majina ya miji ya Kanada, yamesongamana kati ya Sherbourne na Parliament kama mikoko ya mkondoni. Ukipanda lifti asubuhi utasikia Kitagalog, Kitamil, Kinepali na Kitigrinya kabla hujafika chini, na karibu kila mmoja humo ana kisa chake cha jina. Jirani zetu wa Eritrea na Ethiopia wana desturi kama yetu: mtu hutajwa kwa jina lake, la baba yake, na la babu yake, basi. Kwetu Pemba nani alikuwa na haja ya zaidi ya hapo? Ukiulizwa u mtoto wa nani, unasema fulani bin fulani, na mwenye kuuliza akitaka zaidi unampa na babu, na kwa kawaida hapo huwa ameshakujua mpaka nyumba na mwembe wa uani. Lakini fomu ya uhamiaji ina kisanduku cha jina la ukoo, nacho hakikubali kubaki kitupu. Mkubwa wetu alifika 1991, dada 1995, mdogo 2001, kila mmoja na pasipoti iliyoandikwa kwa namna yake, na kila mara afisa aliyekuwa zamu alichukua neno la mwisho alilolikuta akalitia kisandukuni. Ndivyo tulivyokuwa koo tatu.

Tuliishi hivyo bila taabu hadi mama yetu alipofariki, mwaka 2018, Mungu amrehemu. Mama alikuwa na shamba la mikarafuu Mtambwe, ng'ambo ya mkondo kutoka Wete, alilolirithi kwa baba yake. Si shamba kubwa. Mwaka mikarafuu ikizaa vizuri lilitulipia skuli. Isipozaa tulikula muhogo tukangoja. Katika kutayarisha mirathi tulituma nakala za pasipoti zetu za Kanada, na karani mmoja akazipanga mezani, akazitazama, akamwambia binamu yetu aliyetuwakilisha: "Hawa watatu unasema ni ndugu. Mbona kila mmoja na ukoo wake?" Binamu alitupigia simu usiku ule akicheka. Sisi hatukucheka. Kitu ambacho kwa miaka ishirini na zaidi kilikuwa mzaha wa kisanduku cha barua, sasa kilikuwa kinasimama kati yetu na mikarafuu ya mama.

Mkubwa wetu akaona dawa ni moja: sote tuwe Shirazi. Sheria ya Ontario inamruhusu mtu mzima kubadili jina, ni fomu na ada tu. Dada akauliza swali ambalo, ajabu, hatukuwahi kuliuliza kwa sauti: "Hilo Shirazi lenyewe umelipata wapi, na kwa nini sisi hatunalo?"

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta.

Tulianzia tawi la maktaba lililo Sherbourne Street, hatua chache kutoka nyumbani, ambako mtu anaweza kukaa kwenye kompyuta akafungua kumbukumbu za koo za watu bila malipo. Siku ya kwanza tuliandika Shirazi na Pemba, tukapata watu wa Iran na watu wa California. Aliyetuonea huruma ni mzee mmoja wa Cabbagetown, mtaa wa nyumba za matofali mekundu ulio kusini yetu, ambaye alikuwa akifika maktabani kila wiki kutafuta ukoo wa babu zake wa Ireland. Wazee wa mtaa huo wanasema jina lake lilitokana na Wairishi maskini waliokuwa wakipanda kabichi mbele ya nyumba zao. Walikuja kwa njaa. Mwaka 1847 peke yake Wairishi zaidi ya 38,000 walishuka bandarini Toronto, na mji wenyewe ulikuwa na watu kama 20,000 tu. Zaidi ya 1,100 kati ya hao wageni walikufa hapa kabla mwaka haujaisha.

Mzee huyu alitufundisha mengi, na tulimwonea wivu. Yeye ana daftari za kodi ya ardhi za Ireland nzima, zilizoandikwa kati ya 1847 na 1864 chini ya mtu aitwaye Richard Griffith, ambamo unaweza kuona jina lako lilikuwa katika wilaya gani na kwa nyumba ngapi. Ana ripoti ya majina ya ukoo iliyotolewa na Robert Matheson mwaka 1894, ndiyo iliyoonyesha kwamba Murphy ndilo jina lililoenea kuliko yote kule. Ana sensa za 1901 na 1911. Sensa kadhaa za kabla ya hapo alikuwa akizilia kama mtu anavyolia msiba wa jana, maana ziliungua Dublin mwaka 1922 katika vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Tulimwambia sisi hatuna hata cha kuungua. Akasema kila mtu ana kitu, tuendelee kuchimba.

Lililotushika zaidi ni alipotueleza majina yao yalivyoundwa. Lile Mac maana yake ni mwana wa. Lile Ó ni mjukuu wa, au wa uzao wa. Yaani bin! Miaka elfu moja iliyopita Muirishi naye alikuwa fulani bin fulani, jina likibadilika kila kizazi, kisha likaganda kwa babu mmoja mashuhuri. Na mwanamke hakuitwa Mac wala Ó; yeye alikuwa Nic au Ní, yaani binti. Tena katika karne za utawala wa Waingereza wengi waliangusha hizo Ó na Mac wapate kuonekana watu wa kawaida, na wajukuu wao wakaja kuziokota mwishoni mwa karne ya 19, ilipokuwa fahari tena kuwa Muirishi. Mkubwa wetu aliposikia habari ya kuangusha na kuokota alinyamaza kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa na umri wa kukumbuka.

Maana jina letu nalo liliangushwa, na aliyeliangusha ni baba.

Kwanza tuseme tulichokipata juu ya jina lenyewe, kwa sababu wengi wa wasomaji wetu wanalo au wana shemeji mwenye nalo. Hadithi kongwe ni ya Kilwa. Imeandikwa na Mreno João de Barros katika kitabu kilichochapwa 1552, na ipo pia katika tarehe ya Kiarabu ya Kilwa ambayo nakala yake ilifika British Museum katika karne ya 19. Ile ya Kiarabu inasema sultani wa Shiraz aliondoka na wanawe sita katika majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, moja Nzuwani kule Ngazija, na mengineyo. Aliyefika Kilwa alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka chote. Tulipokuwa watoto tuliisikia hiyo ya nguo kwa bibi, na tulidhani ni yake.

Wataalamu hawaikubali hivihivi. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, aliona kwamba hao Washirazi wa Kilwa hawakuja moja kwa moja kutoka Uajemi bali waliteremka kutoka pwani ya Banadir, ya Somalia ya leo, na tena baadaye kuliko hadithi inavyodai. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha 1985 juu ya Waswahili, walikwenda mbali zaidi: Shirazi waliiona kuwa zaidi ni madai ya heshima ya miji ya zamani kuliko kumbukumbu ya safari. Lakini jiwe la msikiti wa Kizimkazi, Unguja, lenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, liko pale pale. Na mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kwetu, Mark Horton na wenzake walifukua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, ndogo mno kama magamba ya samaki, na kati ya majina yaliyogongwa juu yake lipo la Ali bin al-Hasan, jina lile lile la hadithi ya Kilwa. Mtambwe! Sote watatu tumekamata kaa kwenye matope yale, na hakuna aliyetuambia.

Kuhusu kuenea kwake, jina limetawanyika kama lilivyotawanyika pwani yenyewe. Kuna Washirazi wa Tumbatu na wa Makunduchi, wa Vumba na Wasini, wa Mafia, wa Kilwa, wa Ngazija, na wale wa Mrima ambao wakubwa wao waliitwa madiwani. Pemba tunaye Mkame Ndume wa Pujini, anayesemwa kuwa Mshirazi, ambaye kwa masimulizi ya wazee aliwabebesha watu mawe ya ngome yake huku wakijikokota kwa makalio. Si kila wa ukoo ni wa kuwekwa ukutani.

Kinachotatanisha ni kwamba kwa wengi wetu Shirazi halikuwa jina la mtu hata kidogo. Lilikuwa jibu la swali. Mkoloni alihesabu watu kwa kabila, mwaka 1924, tena 1931, tena 1948, na wengi walioandikwa Waswahili mara ya kwanza, hesabu zilizofuata waliwekwa chini ya majina mengine, Shirazi likiwamo. Wala si kwa kupenda sifa tu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgawo wa chakula ulifuata kabila, na mtu mwenye njaa atakumbuka upesi babu anayempatia mchele. Karibu na mwaka 1940 Pemba ikawa na Jumuiya ya Washirazi. Februari 1957 jumuiya ya Washirazi na ile ya Waafrika ziliungana kuwa Afro-Shirazi, ingawa Washirazi wengi, hasa wa Pemba, baadaye walikwenda na chama cha Muhammad Shamte. Baba yetu alimwandikisha mkubwa wetu skuli mwaka 1967, miaka mitatu baada ya Mapinduzi, na mwalimu alipouliza ukoo, baba akasema Shirazi. Tunadhani alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyozoea kujibu.

Mwaka 1970, zama za Mzee Karume, ikatakiwa watu watie saini kwamba wao si Washirazi. Chama kilichotawala kiliendelea kuitwa Afro-Shirazi mpaka Februari 1977 kilipoungana na TANU. Tunalitaja hilo tu, msomaji atafanya nalo apendavyo. Baba alitia saini. Dada alipoanza skuli mwaka 1973 aliandikwa kwa jina lake, la baba na la babu. Mdogo wetu hata la babu hakupewa. Cheti cha mkubwa hakuna aliyekumbuka kukibadilisha, na ndicho alichosafiri nacho.

Baba hakulizungumza jambo hili nasi hata mara moja. Tunalo kwa barua moja tu, aliyomwandikia ami yetu wa Dar es Salaam, na ami akatupa sisi kabla hajafa. Karatasi ile tulikaribia kuipoteza. Mdogo wetu alikuwa akikaa 200 Wellesley moto ulipotokea mle, Septemba 2010, na watu zaidi ya elfu moja walitolewa nje na nguo walizovaa. Wiki nzima alilala kwetu sakafuni, na mkubwa wetu alikuwa akimuuliza kila asubuhi, kabla ya salamu, kama sanduku la barua za baba lilikuwa kabatini au chini ya kitanda. Lilikuwa kabatini, na halikulowa. Barua yenyewe ni ya mistari michache, juu ya bei ya saruji na mguu wa bibi, na katikati yake baba kaandika: "Na lile jina nimewapa. Walikuwa wapole, kalamu ilikuwa yao."

Tuliisoma kwa zamu. Mkubwa alisema hii ndiyo sababu lazima tuliokote, kama Wairishi. Dada alisema baba kaliweka chini mwenyewe, na mtoto haokoti alichokiweka chini baba yake bila kuambiwa. Tulibishana miezi. Wakati mmoja walikuwa hawasemezani, na mdogo wetu alikuwa akipeleka bakuli la pilau kutoka gorofa ya 14 hadi ya 9 kama balozi.

Katikati ya ugomvi huo mkubwa wetu alikwenda kutengeneza gari kule juu, kaskazini ya Yonge Street, wanakokaa Wairani wengi. Karibu na gereji kuna duka la vyakula vyao. Mwenye duka, mzee wa nywele nyeupe, alisoma jina kwenye kadi ya benki, akamtazama usoni, akasoma tena. Akaanza Kifarsi. Mkubwa akamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni wa Zanzibar, lakini wazee walitoka Shiraz. "Lini?" akauliza. "Miaka elfu moja." Mzee yule alicheka mpaka akakaa. Kisha wakaanza kutafuta kinachobaki baada ya miaka elfu moja: bandari, akaijua; pamba, akaijua; nanga, akasema kwao ni langar. Mkubwa akamweleza watu wa Makunduchi wanavyosherehekea Mwaka Kogwa mwezi Julai, na kwamba siku hiyo huitwa Nairuzi. Hapo mzee hakucheka tena. Alimfungia pistachio za bure, akamwambia mwana wa Shiraz halipi dukani kwake. Mkubwa alizileta nyumbani kama mtu aliyeleta cheti.

Dada alizila. Akasema ni nzuri. Akauliza: "Na mama zao, hao wa majahazi saba, walitoka wapi?"

Wakati huo hatukuwa na jibu. Lilikuja Machi 2023, lilipochapwa katika jarida la Nature, na mdogo wetu, ambaye ndiye mwenye kusoma mambo haya, alitukusanya akatufasiria. Wataalamu, wakiwamo Esther Brielle, David Reich na Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia aliyezaliwa Kenya, walipima mabaki ya watu 80 wa kale: waliozikwa Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko, wengi wa miaka ya 1250 hadi 1800. Walikuta kwamba watu wengi wa miji ile walikuwa na asili iliyochanganyika, ya Afrika na ya Asia, na mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Sehemu ya Asia nyingi ilikuwa ya Uajemi, na ilipita kwa wanaume. Sehemu ya Afrika, ambayo kwa wengi ni zaidi ya nusu, ilipita hasa kwa wanawake.

Mkubwa wetu alipiga meza. Kumbe wazee hawakusema uongo! Baada ya miaka ya kuambiwa Shirazi ni hadithi ya kujitukuza, mifupa imetoa ushahidi. Na ni kweli, lazima tulikubali hilo, hata dada alilikubali. Kila mtu wa pwani aliyewahi kuchekwa kwa kusema babu yake alitoka Uajemi alipata siku hiyo pumzi kidogo. Mdogo wetu naye alikwenda kununua kile kichupa cha kutemea mate kipelekwe maabara, kiko kwenye droo ya jikoni mpaka leo pamoja na betri zilizokwisha.

Lakini dada alitaka arudiwe ile sehemu ya pili. Wanaume walikuja na jahazi, na jina, na hadithi. Wanawake walikuwapo. Akatukumbusha jambo katika kitabu cha de Barros ambalo sisi tulilipita. Mreno anasema kwamba yule Ali mwana wa sultani aliondoka Shiraz kwa sababu ndugu zake walimdharau, wao mama yao ni Mwajemi, yeye mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Jina la Ali tunalo, limegongwa hata kwenye sarafu. La baba yake tunalo. La mama, yule aliyekuwa sababu ya safari nzima, halimo. "Mmesoma vitabu miaka mitano," dada akasema, "mmepata sultani. Shamba ni la nani?"

Shamba lilikuwa la mama. Na katika pasipoti zetu zote tatu, ukizipanga vyovyote upendavyo, hata kama sote tungeitwa Shirazi kwa herufi za dhahabu, hakuna herufi moja inayosema mama yetu ni nani. Karani yule alitaka ukoo ufanane. Lakini kufanana kungethibitisha tu kwamba tuna baba mmoja, na baba hakuwa na mkarafuu hata mmoja Mtambwe. Tulicheka sasa, kwa mara ya kwanza katika jambo hili, na mkubwa wetu alicheka kuliko sote.

Ukweli ni kwamba wakati tunabishana huku mirathi ilikuwa imekwisha zamani. Ilimalizwa mwaka 2019, na haikumalizwa kwa karatasi. Mama mdogo, mdogo wake mama yetu, alipelekwa kwa kadhi na wajukuu wawili wamemshika mikono, pamoja na majirani wawili wazee. Aliulizwa kama anatujua. Binamu anasema alikasirika. Akasema huyu wa kwanza nilimpokea mimi usiku wa mvua, mkunga hajafika. Huyu wa pili nilimnyonyesha pamoja na wangu mama yake alipougua. Huyu wa tatu alizaliwa mguu mbele na ndiyo maana ni mkaidi. Kadhi akamwambia basi, Bi Mkubwa, inatosha. Tunayo hukumu katika sanduku lile lile la barua za baba.

Mkubwa wetu bado ni Shirazi, na hakuna aliyebadilisha jina. Mwezi uliopita binti ya dada alijifungua hapa hapa Toronto, na fomu ya kuandikisha kizazi ikaletwa sebuleni tena. Kisanduku cha ukoo watakijaza wenyewe yeye na mumewe. Sisi tumejizuia tusiseme, jambo ambalo limemtoa jasho mkubwa wetu. Lakini dada alitaka kitu kingine kiandikwe, si kwenye fomu ya serikali, kwenye daftari tu. Jumapili tukampigia mama mdogo kwa simu ya video. Kule Wete ilikuwa jioni, kuku wanapita nyuma yake. Tukamwomba atutajie mama wa mama, na mama yake, kurudi nyuma, kwa upande wa shamba.

Alitaja wa kwanza. Akataja wa pili, na kwamba alikuwa mfupi na fundi wa ukili. Wa tatu alimfikiria kwa muda, akamwita mtu wa nje aje amsaidie, wakabishana, wakakubaliana. Mdogo wetu alikuwa akiandika. Alipofika wa nne akatutazama kwenye kioo cha simu, macho yake karibu mno kama kawaida yake.

"Huyo," akasema, "sisi tulimkuta mzee sana. Tukimwita Bibi tu. Ngojeni nimuulize wa Kojani, akijaaliwa kuwa hai."

Tunangoja.